Maski na skrabu za kuosha: soma kopo kabla ya kupaka uso

Kwenye maduka yanayobanana kando ya Usita wa Mui, hapa Lamu, rafu moja inaweza kubeba singo ya unga, ule mchanganyiko wa kunukia wa kumsugua bibi harusi, kwenye kikopo kisicho na maandishi, na ubavuni mwake kopo la kiwandani lenye picha ya waridi, kipande cha msandali na neno "asili" kwa herufi za dhahabu. Kazi yao ni moja: unapaka, unasubiri kidogo, unaosha. Mnunuzi aanzie hesabu yake hapo hapo. Kitu kinachokaa usoni dakika kumi kisha kikaenda na maji hakipati nafasi ya kutimiza yote yanayoahidiwa mbele ya kopo. Vitamini, kolajeni, dondoo za maua, unga wa lulu: sehemu kubwa ya hayo inaishia kwenye mfereji wa bafu, na wewe umeshalipa.

Ndani ya dakika hizo kuna mambo manne tu yanayofanya kazi ya maana: kinachosugua, kinachonyonya mafuta, kinachosafisha, na asidi inayolegeza ngozi iliyokufa. Yanayoweza kudhuru hata kwa muda mfupi ni mengine: manukato, vihifadhi, na dawa za kujichubua zinazopenyezwa humo. Ukizitafuta aina hizo kwanza, orodha ya majina thelathini haikutishi.

Hatua ya 1: Geuza kopo

Mbele ni tangazo. Nyuma, ubavuni au kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi ndipo penye orodha ya vilivyomo, na mara nyingi inaanza na neno Ingredients. Majina yameandikwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao INCI: mimea kwa Kilatini, kemikali kwa majina ya kiwandani. Faida yake ni kwamba kopo lililotoka Uturuki, India au Nairobi litaandika jina lile lile, hata kama maelezo mengine yote yako kwa lugha usiyoijua.

Kopo lisilo na orodha kabisa lirudishe rafuni. Vivyo hivyo lile lililobandikwa karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani.

Majina ya mimea usiyaogope, mengi unaishi nayo. Rosa Damascena ni waridi. Santalum Album ni msandali. Curcuma Longa ni manjano, Eugenia Caryophyllus au Syzygium Aromaticum ni karafuu, Jasminum Sambac ni asumini, Cananga Odorata ni mlangilangi, Lawsonia Inermis ni hina. Cocos Nucifera ni mnazi, Sesamum Indicum ni ufuta, Oryza Sativa ni mchele, Cicer Arietinum ni dengu ile ya unga wa bajia, Nigella Sativa ni habasoda, Adansonia Digitata ni mbuyu. Mel ni asali na Aqua ni maji. Ukiyapanga haya, nusu ya orodha inakuwa sinia la bibi harusi.

Angalia pia neno linalofuata jina la mmea, maana ndilo linalokwambia umeuziwa nini. Powder ni unga wenyewe. Oil ni mafuta. Flower Water ni maji ya maua, yaani marashi. Extract ni dondoo, na dondoo inaweza kuwa kijiko kwenye pipa. Unga wa dengu ukiwa juu ya orodha unasugua na kunyonya kweli. Dondoo ya dengu chini ya orodha haina la kufanya.

Hatua ya 2: Tafuta mpaka wa asilimia moja

Kanuni inayofuatwa na viwanda vingi ni kupanga vitu kwa uzani, kizito kwanza. Lakini kanuni hiyo inaishia kwenye asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo, na bila shaka atatanguliza vyenye majina matamu. Rangi zinakuja mwisho.

Chukua orodha kama hii, ya maski ya kusugua, nimeitunga kwa mtindo wa nyingi zinazouzwa:

*Aqua, Kaolin, Glycerin, Bentonite, Cetearyl Alcohol, Prunus Armeniaca Seed Powder, Sodium Laureth Sulfate, Phenoxyethanol, Rosa Damascena Flower Water, Santalum Album Wood Powder, Curcuma Longa Root Extract, Parfum, Xanthan Gum, Disodium EDTA, Eugenol, Linalool, Citronellol, CI 16035, CI 19140.*

Kidole chako kiende moja kwa moja kwenye Phenoxyethanol. Hiki ni kihifadhi, na Umoja wa Ulaya hauruhusu kizidi asilimia 1. Viwanda vingi nje ya Ulaya navyo vinaushika mpaka huo. Kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake karibu hakika ni asilimia 1 au pungufu. Hapo ndipo waridi, msandali na manjano vilipojificha, vitu vitatu vilivyobeba picha yote ya mbele.

Basi maski hii ni nini? Ni maji, udongo mweupe na glisirini. Bentonite ni udongo mwingine, wenye kuvimba ukinywa maji. Cetearyl Alcohol si spiriti: ni aina ya nta laini inayoleta uzito na ulaini, haikaushi ngozi. Prunus Armeniaca ni kokwa za aprikoti zilizosagwa, ndizo zinazosugua. Sodium Laureth Sulfate inatoa povu. Xanthan Gum inashika mchanganyiko usijitenge, Disodium EDTA inafunga madini ya maji ili kihifadhi kifanye kazi vizuri. CI 16035 ni rangi nyekundu, CI 19140 ni manjano ya kiwandani. Ile rangi ya dhahabu uliyodhani ni manjano ya jikoni imetoka kwenye chupa ya rangi.

Si kwamba maski hii ni mbaya. Udongo wake ni wa kutosha na glisirini iko juu, dalili nzuri kwamba haitakuacha umekauka. Tatizo ni bei. Kama imepanda kwa sababu ya waridi na msandali, lipia udongo kwa bei ya udongo.

Vipo vihifadhi vingine vya kukuonyesha mpaka huo huo, kama Methylparaben, na Parfum nayo kwa kawaida huwa karibu na hapo. Lakini Phenoxyethanol ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

Hatua ya 3: Jua kinachosugua

Hapa ndipo skrabu zinapotofautiana zaidi, na ndipo uso unapoumizwa. Kama duka lina kopo la kujaribu, weka chembe kati ya kidole gumba na cha shahada na uzisugue taratibu. Zikikukuna kwenye kidole, ambacho kimezoea kamba, sufuria na sabuni ya unga, shavu litasema nini?

Zinazoyeyuka ni salama zaidi kwa sababu zinajimaliza zenyewe: Sucrose, yaani sukari, inalainika kadiri maji yanavyoingia. Sodium Chloride, chumvi, nayo inayeyuka lakini inachoma kwenye mkwaruzo wowote, na haifai uso. Chumvi ya Gongoni iache kwa nyayo na visigino.

Za mimea ngumu ni Juglans Regia Shell Powder, maganda ya jozi, na hizo kokwa za aprikoti. Zikisagwa vibaya zinabaki na kingo kali. Kwa uso wenye chunusi zilizowiva, mimi nasema hapana, hata kopo liseme ni la chunusi. Pumice ni jiwe la volkeno lililosagwa. Liko vizuri kisiginoni. Silica na Perlite ni za madini, na ubora wake unategemea zimesagwa laini kiasi gani. Jojoba Esters ni vijiduara vya nta, laini kabisa.

Halafu kuna Polyethylene, na wakati mwingine Polypropylene au Nylon-12. Ukiziona kwenye skrabu, hizo ni plastiki. Vijichembe vyake vinapita kwenye mfereji wa bafu, na kwetu safari ya kutoka mferejini hadi baharini ni fupi. Marekani ilipitisha sheria ya kuviondoa kwenye bidhaa za kuosha mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018, Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni yake 2023. Kisiwa kilichounda Flipflopi, dau la plastiki zilizookotwa na kuyeyushwa, hakina sababu ya kununua plastiki mpya ya kumwagia baharini. Na kama sababu ya bahari haikugusi, jua tu kwamba sukari inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo.

Unga wa mchele, dengu na oti, yaani oats (Avena Sativa), ndio ninaoupenda kwa uso. Usage, kisha uuchekeche kwa kitambaa chepesi, si chekeche la unga wa chapati. Kinachobaki juu ya kitambaa kipeleke kwenye viwiko.

Hatua ya 4: Kinachonyonya

Kaolin ni mpole na unafaa ngozi nyingi, hata kavu. Bentonite na Fuller's Earth, ule udongo wa Multani unaouzwa kwenye maduka ya viungo, unavuta mafuta kwa nguvu zaidi. Charcoal Powder ni makaa yaliyosagwa. Ukiyakuta chini ya mpaka wa asilimia moja kazi yake ni kutia weusi tu.

Kosa linalofanywa sana ni kungoja maski ikauke mpaka ipasuke kama matope ya mtoni maji yakipwa. Udongo unapokauka unaanza kuvuta maji ya ngozi pia. Uoshe ungali na unyevunyevu, ukiwa umeanza kukauka kingoni. Kwa upepo wa kaskazi hiyo inaweza kuwa dakika saba. Usifuate dakika ishirini za kopo kama uso umeshabana.

Hatua ya 5: Kinachosafisha, na maji unayooshea

Maski nyingi zina kitoa povu kidogo ili zitoke kirahisi. Sodium Lauryl Sulfate ndicho kikali zaidi. Sodium Laureth Sulfate ni jamaa yake mpole kidogo. Cocamidopropyl Betaine na Decyl Glucoside ni laini zaidi, na ndivyo vinavyofaa uso unaokauka haraka.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima yenye chumvi na madini hayapatani na sabuni ya kweli, ile iliyoandikwa Sodium Palmate, Sodium Cocoate au Sodium Tallowate: madini yanaungana nayo na kuacha utando mweupe, ule ule unaouona kwenye beseni. Utando huo ukibaki usoni, ngozi inawasha na unasingizia udongo. Vitoa povu vya hapo juu havina tabia hiyo. Kama kisima chenu ni cha maji magumu, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa au ya kunywa. Kikombe kimoja kinatosha.

Hatua ya 6: Asidi

Salicylic Acid inaingia kwenye vitundu vyenye mafuta na inafaa chunusi. Ulaya inaiwekea kikomo cha asilimia 2 kwa bidhaa za uso. Glycolic Acid ni kali, Lactic Acid, inayopatikana pia kwenye maziwa ya mgando, ni pole. Ukishatumia asidi, usisugue siku hiyo hiyo, na jua la kesho yake lizuie kwa losheni ya jua au buibui na mwavuli.

Ndimu isiingie kwenye hesabu hii. Najua inatiwa kwenye kila mchanganyiko wa nyumbani. Maji yake yana asidi kali kuliko ngozi inavyovumilia, na maganda yake yana kemikali ambazo zikipigwa na jua zinaunguza ngozi. Hutokea malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki hata miezi. Na sisi tuko digrii mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Soda ya kuokea mandazi ina kosa la upande wa pili: ni ya alikali, wakati uso wenyewe una asidi kidogo, karibu pH 5. Zote mbili zibaki jikoni.

Hatua ya 7: Harufu

Wapwani tunapenda kunukia, na hapa ndipo wengi wanapodhurika bila kujua. Neno Parfum au Fragrance linaweza kuficha makumi ya vitu. Ulaya inataka vile vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa majina, lakini kwa bidhaa za kuosha ni pale tu vinapozidi asilimia 0.01, kwa krimu za kubaki mwilini ni 0.001. Kwa hiyo kopo la maski linaweza kuwa kimya na bado kuwa navyo.

Wala "asili" si kinga. Eugenol ndiyo roho ya karafuu. Citronellol na Geraniol zimo kwenye waridi, Linalool kwenye mimea mingi yenye kunukia, Benzyl Benzoate kwenye mlangilangi. Mwenye mzio wa Eugenol atawashwa na kopo la Paris na atawashwa na singo ya nyanyake.

Kwa sababu hiyo singo ya mwili isipande usoni. Kusinga bibi harusi mikono, mgongo na miguu ni jambo moja. Karafuu nyingi karibu na macho ni jambo jingine. Somo, yaani kungwi, mwenye uzoefu humtengea bibi harusi unga wa uso mbali: mchele, liwa kidogo au msandali, manjano chembe, basi.

Na manjano nunua mizizi usage mwenyewe. Unga wenye rangi kali kupita kiasi uutilie shaka, kwa kuwa huko Bangladesh imethibitika wafanyabiashara walikuwa wakiutia rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae.

Hatua ya 8: Vihifadhi, au kwa nini singo haina orodha ndefu

Penye maji pana bakteria na kuvu. Maski ya kopo ina maji, kwa hiyo bila kihifadhi ingeoza kwenye joto letu ndani ya siku chache. Neno Phenoxyethanol lisikukimbize basi. Kopo la maji maji linalojisifu "halina kihifadhi chochote" ndilo la kukimbiwa. Cha kuepuka, kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, ni Methylisothiazolinone, ambayo Ulaya imeipiga marufuku kwenye krimu za kubaki mwilini na kuibakisha kwenye za kuosha kwa kiwango kidogo mno, asilimia 0.0015. DMDM Hydantoin nayo inatoa formaldehaidi polepole.

Singo ya unga haihitaji hayo yote kwa sababu ni kavu. Ndiyo siri yake. Kwa hiyo ukinunua kwa mama wa nyumbani, maswali yako yawe mengine:

"Mama, hii imekaukia juani au kivulini?"

"Kivulini, mwanangu. Ikipigwa jua harufu yaondoka."

"Na marashi umeshatia?"

"La, utatia mwenyewe ukitaka kupaka."

Majibu hayo mawili ni mazuri. Angekwambia imeshachanganywa na imekaa rafuni mwezi mzima, ungeiacha. Tazama pia kama unga umegandamana mabonge au unanuka uvundo: unyevu umeshaingia. Ukifika nyumbani uweke kwenye chupa kavu, uchote kwa kijiko kikavu, na unachochanganya na marashi, maziwa au asali kiishe siku hiyo hiyo.

Kopo la kiwandani litafutie alama ya kikopo kilichofunguliwa kifuniko, chenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipolifungua. Andika tarehe kwa kalamu ya wino chini ya kopo.

Hatua ya 9: Vya kukataa dukani

Maski iliyoandikwa "kung'arisha" au "kusafisha weusi" isome mara mbili. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na Hydroquinone. Zebaki hujificha kwa majina kama Calomel, Mercurous Chloride, Mercuric Iodide na Ammoniated Mercury. Clobetasol na Betamethasone ni dawa za hospitali. Hazina haki ya kuwa kwenye maski. Onyo la "usiguse dhahabu wala fedha" ni dalili nyingine ya zebaki.

Tafuta alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, na namba ya kibali chini yake, kisha tuma neno SM# likifuatwa na namba hiyo kwenda 20023. Jibu likitaja bidhaa nyingine au kampuni nyingine, kopo hilo ni la bandia.

Piko si maski, lakini kwa kuwa inanunuliwa safari moja na singo: ile hina nyeusi inayokolea kwa dakika chache mara nyingi ina rangi ya nywele, Paraphenylenediamine. Imewaacha wasichana wengi na makovu yenye umbo la ua.

Hatua ya 10: Jaribu, kisha paka

Paka kidogo ndani ya kiwiko kwa muda ule ule utakaoweka usoni, osha, rudia kesho na keshokutwa. Mzio wa ngozi hupenda kuchelewa. Unaweza kutokea siku mbili au tatu baadaye. Ndiyo maana maski mpya haijaribiwi mkesha wa harusi. Anza angalau wiki mbili kabla.

Usoni, lowesha kwanza. Skrabu ipake kwa ncha za vidole vya kati, mizunguko midogo, nusu dakika basi, ukiruka kope, midomo na chunusi zilizo wazi. Mara moja kwa wiki inatosha wengi. Mwenye mafuta mengi mara mbili. Osha kwa maji ya kawaida, kausha kwa kugusagusa na taulo, kisha paka mafuta au losheni ngozi ikiwa bado mbichi. Kile kinachobaki ndicho kinachopata muda wa kufanya kazi, kwa hiyo pesa za dondoo na vitamini zipeleke huko.

Kuwashwa kidogo kunakoisha baada ya kuosha si ajabu kwa asidi. Kuchoma kunakoendelea, uvimbe wa kope au vipele vya maji ni jambo jingine. Osha kwa maji mengi, usitie mafuta ya nazi wala dawa ya meno juu yake, na ukienda hospitali ya King Fahd nenda na kopo lenyewe. Kama ni singo ya unga, chukua kijiko kimoja kwenye karatasi na umwandikie daktari kila alichokutajia aliyekuuzia.